Kusoma Kabla ya Kazi na Baada ya Kazi

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniandikia akitaka nieleze namna mtu aliyeajiriwa kutwa nzima anavyoweza kusoma vya kutosha hata akatumaini kuwa mwandishi. Swali hili si langu peke yangu. Wanafunzi wa zamani wengi wamekwisha kulijibu kwa kuacha. Walipotoka shuleni waliwagawia wadogo zao vitabu, wakasema kwamba kusoma ni kazi ya mtu mwenye nafasi. Katika sisi 14 tuliofanya mtihani wa Kiswahili pamoja, leo nawajua watatu tu wanaoweza kuandika barua ya ukurasa mmoja katika lugha hiyo pasipo kukwama. Wale wengine si wajinga hata kidogo. Wamo mabwana wakubwa wenye vyeo na watu chini yao. Lugha iliwatoka polepole, kama njia inavyomezwa na majani isipopitwa.

Yafaa mnijue kidogo ili mpime maneno yangu. Mimi ni karani wa ghala la vifaa vya ujenzi katika eneo la viwanda la Kampala, na nyumba yangu iko Mukono, mwendo wa kilomita 20 hivi kutoka mjini. Kiswahili si lugha ya mama yangu. Nyumbani twasema Luganda, ofisini Kiingereza, na Kiswahili nakisikia kwa madereva wa malori watokao Mombasa na Dar es Salaam. Hata hivyo nia yangu ni kuandika hadithi katika Kiswahili. Mpaka sasa mbili zimechapwa, na saba zimerudi. Basi siandiki kama bingwa. Naandika kama fundi anayejifunza, akiwaonyesha wenziwe vyombo vyake na namna anavyovishika.

Kwa nini mwandishi hana budi kusoma

Mtoto wa pwani hupata lugha yake jikoni kwa bibi yake, barazani kwa wazee, na harusini kwa waimbaji. Hata asiposoma sana, masikio yake yamekwisha kujaa. Sisi wa huku bara hatuna baraza hiyo. Mitaani kwetu utasikia mtu akisema "kitabu yangu" na "watu ingine," na hakuna anayeshtuka, maana anayesema na anayesikiliza wote wamepata Kiswahili chao njiani. Mtu wa namna yetu anayetaka kuandika "kitabu changu" na "watu wengine" bila kufikiri, kama apumuavyo, hana budi kutafuta baraza nyingine ya kukaa. Baraza hiyo ni kitabu.

Wala msidhani ya kuwa jambo hili haliwezekani. Ng'ambo ya ziwa letu, katika kisiwa cha Ukerewe, alizaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Mwaka 1971 ilitoka riwaya yake ya kwanza, "Rosa Mistika," na mpaka alipofariki mwaka 2020 alikuwa amehesabiwa miongoni mwa waandishi wakubwa kabisa wa Kiswahili, katika riwaya na katika mashairi pia. Mtu yule hakuzaliwa Unguja wala Lamu. Alizaliwa ufukoni mwa maji yale yale tunayoyaona sisi Entebbe na Jinja.

Tena Kiswahili si mgeni kabisa nchini mwetu, ingawa wengine hukiita lugha ya askari. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyosimamia usanifu wa lugha hii, ilihamia Makerere mwaka 1952 ikakaa hapo miaka 10 hivi. Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa, Kiswahili kikafanywa lugha rasmi ya pili. Mlango umefunguliwa kwa sheria. Lakini sheria haiwezi kumtia mtu maneno kinywani. Kazi hiyo kila mtu aifanye mwenyewe.

Waliokuwa na kazi kabla yetu

Watu husema, "Mwandishi ni mtu aliyejitenga, anayeshinda akisoma na kuandika." Habari za waandishi wenyewe zaonyesha vingine.

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, aliingia kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926, na sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa karani wa serikali. Alipofariki mwaka 1962 alikuwa ameandika vitabu zaidi ya 20. Vitabu hivyo havikuandikwa na mtu aliyekaa bure. Viliandikwa na mtu aliyekuwa akihesabu mizigo na kujaza makaratasi ya ofisi.

Muhammed Said Abdulla wa Unguja alikuwa mkaguzi katika idara ya afya kabla hajawa mhariri wa magazeti. Hadithi yake "Mzimu wa Watu wa Kale" ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958, ikachapwa kitabu mwaka 1960. Wachambuzi wamekwisha kuonyesha jinsi Bwana Msa, mpelelezi wake mvuta kiko, anavyofanana na Sherlock Holmes wa hadithi za Kiingereza za Conan Doyle. Hili lina faida kwetu. Abdulla alisoma vitabu vya watu wa mbali, kisha akamleta mpelelezi huyo Unguja, akampa marafiki wa Kiunguja na mambo ya Kiunguja ya kupeleleza. Kusoma kwake kulizaa kitu kipya.

Nje ya Afrika Mashariki pia iko mifano. Naguib Mahfouz wa Misri alikuwa mtumishi wa serikali kwa zaidi ya miaka 30 mpaka alipostaafu mwaka 1971, na mwaka 1988 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Anthony Trollope wa Uingereza aliajiriwa katika Posta tangu mwaka 1834 mpaka 1867. Alimlipa mtumishi wake pauni 5 zaidi kwa mwaka ili amwamshe mapema na kumletea kahawa. Saa 11 na nusu alfajiri akawa mezani. Mbele yake aliweka saa, akajilazimisha kuandika maneno 250 kwa kila robo saa. Lakini wengi wakimtaja husahau jambo moja: nusu saa ya kwanza hakuandika. Alisoma yale aliyoyaandika jana, akiyapima kwa sikio. Na aliposafiri kwa kazi ya Posta, aliandika ndani ya treni kwa penseli. Aliacha riwaya 47.

Nilipozisoma habari za watu hawa sikuona wakisubiri nafasi. Waliitenga, nayo ikawa ndogo, lakini ya kila siku, na kila mmoja alijua saa ipi inafaa kwa kazi ipi. Hapo ndipo nilipopata ratiba yangu, ninayotaka sasa kuieleza.

Alfajiri: kitabu kigumu

Naamka saa 10 na dakika 45. Tangu saa 11 kamili mpaka saa 11 na dakika 45 nasoma kitabu kigumu. Saa hiyo akili haijaguswa na mtu: hakuna aliyenipigia simu, hakuna aliyenidai, wala sijahesabu mfuko mmoja wa saruji. Akili ya namna hiyo ni kama kisima asubuhi kabla ya ndoo ya kwanza; si vema kuipotezea kwa gazeti.

Robo saa ya kwanza ni ya mashairi. Nayasoma kwa sauti ya chini, nisiwaamshe watoto, nikihesabu mizani kwa vidole. Mnajua wenyewe mlivyofundishwa: shairi la kawaida lina mistari minne katika kila ubeti, na kila mstari mizani 16, yaani 8 na 8, utenzi nao una mizani 8 kwa kila kipande. Mtu anaweza kuuliza, "Wewe waandika hadithi, mashairi ya nini?" Jibu ni kwamba mshairi hana nafasi ya neno la bure. Akizidisha silabi moja, mstari umevunjika. Ukimfuata mshairi kila asubuhi kwa mwaka mmoja, utaanza kuona katika hadithi zako maneno yasiyofanya kazi, yaliyosimama tu kama vibarua wasio na jembe.

Nusu saa inayobaki nasoma nathari iliyotungwa kwa uangalifu, nikiwa na kamusi mkononi. Yangu ni "Kamusi ya Kiswahili Sanifu," iliyotolewa kwanza mwaka 1981 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam. Hapa sisomi kwa haraka. Kurasa 5 zatosha. Siku nyingine 3.

Kitabu kizuri nakisoma mara mbili. Mara ya kwanza nataka kujua mambo yaliyotokea. Mara ya pili nataka kujua mwandishi alivyoyapanga. Chukueni "Kusadikika" cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Msomaji wa mara ya kwanza anafuata tu habari za nchi ile iliyo angani. Msomaji wa mara ya pili anaona ya kuwa mwandishi amemsimamisha Karama mbele ya mahakama, kisha akamfanya asimulie habari za wajumbe, mmoja baada ya mwingine. Kesi moja imebeba safari nyingi, kama uzi unavyobeba shanga, na wakati wote msomaji anangoja hukumu. Jambo hilo halimo katika kamusi yoyote. Hupatikana kwa kurudia kusoma.

Njiani: vitu vifupi, na watu

Saa 12 na robo niko kituoni Mukono. Teksi yetu ina nafasi za abiria 14, redio iko juu, na kondakta anaita watu tangu Seeta mpaka Bweyogerere. Mahali kama hapa riwaya haisomeki vizuri, maana kila mara unaguswa bega kwa habari ya nauli. Basi njiani nasoma vitu vifupi: hadithi fupi moja, au habari mbili tatu za gazeti. Tukifika Kireka na magari yakakaza foleni, wenzangu hulalamika; mimi hufungua ukurasa mwingine. Kwa siku napata nusu saa hivi.

Hadithi fupi inafaa safari kwa sababu yaweza kwisha kabla ya Nakawa. Na ikisha kwisha, naifunga, najiuliza maswali matatu. Hadithi imeanzia wapi, mwanzo wa jambo au katikati yake? Ni nani aliyebadilika? Ni jambo gani mwandishi hakulisema, akaniachia mimi nilijue? Maswali haya hayana gharama. Mwanafunzi aweza kujiuliza hata akienda kisimani.

Wengine hutumia simu, nami siwakatazi, maana siku hizi kitabu kizima na kamusi vyaweza kukaa ndani ya simu. Lakini naona simu ni nyumba yenye wageni wengi: umeingia kuzungumza na mmoja, kumi wanabisha hodi. Kwa hiyo njiani nachukua karatasi, na simu inakaa mfukoni.

Jioni, nikirudi, sisomi kabisa. Macho yamechoka na giza limeingia. Hapo nasikiliza watu. Namna mama mmoja anavyomwomba kondakta ampunguzie nauli, bila kusema moja kwa moja kwamba hana fedha, ni somo la mazungumzo lisilopatikana katika kitabu.

Kazini: uaminifu kwanza

Hapa nataka kusema wazi na wanafunzi wa zamani, hasa walioajiriwa karibuni. Saa za mwajiri ni za mwajiri. Sijaweka kitabu ndani ya droo ili nikisome wakati mizigo inangoja, wala simshauri mtu kufanya hivyo. Mwandishi anayeiba saa za kazi atazoea kuiba, na hadithi zake hazitapona kwa hilo.

Lakini kazi yenyewe hufundisha kusoma kwa aina yake. Kutwa nasoma hati za kupokelea mizigo, barua za wateja na orodha za bei. Barua nzuri ya biashara husema jambo lake katika mistari sita: kilichoagizwa, kilichofika, kilichopungua, na kinachotakiwa. Ningependa wahusika wangu wengi wawe na ufupi huo.

Tena ghala lina majina. Kuna nondo, mabati, saruji, misumari, turubai, kamba. Dereva wa Dar es Salaam humwita msaidizi wake "utingo," na dereva wa Mombasa humwita mtu wa kazi ile ile "tanboi." Mwandishi anayeandika "vifaa mbalimbali" kwa sababu hajui majina ya vifaa, msomaji humjua mara moja. Kwa hiyo nikisikia jina, naliandika nyuma ya karatasi, na jioni latazamwa katika kamusi. Mengine yamo, mengine hayamo, na hayo nayapenda zaidi.

Saa 7 mchana tunapumzika. Nakula posho na maharagwe, kisha nasoma dakika 20 chini ya kivuli cha ukuta. Hii ni saa ya riwaya, ile ya kunifurahisha. Mzee mmoja wa pale ghalani, mkuu wa wapakuzi, aliponiona wiki za kwanza aliniuliza, "Kijana, mtihani wako lini?" Nikamjibu, "Mzee, mtihani nilimaliza miaka mingi iliyopita." Akatikisa kichwa akasema, "Basi huo unaousomea sasa ni mkubwa." Alikuwa akitania, lakini tangu siku hiyo huwazuia vijana wasinipigie kelele mpaka saa 7 na dakika 50.

Tufanye hesabu kidogo. Katika dakika 20 nasoma kurasa 10 za riwaya. Kwa siku 5 ni kurasa 50. Kwa wiki 50 ni kurasa 2,500, yaani riwaya 12 zenye kurasa 200 na zaidi. Hizo ni riwaya 12 kwa mwaka kutokana na dakika zilizobaki baada ya chakula cha mchana. Wazee walisema bandu bandu huisha gogo, na hapa wasema kweli kwa tarakimu.

Usiku: kusoma kwa wengine, kisha daftari

Nafika nyumbani yapata saa 1 usiku. Saa mbili za kwanza si zangu. Ni za watoto, za mama yao, za chakula na habari za mchana. Kabla ya kulala watoto husomewa; siku moja Luganda, siku moja Kiswahili. Mtu asidhani kwamba huko ni kupoteza muda wa mwandishi. Mtoto ni mhakiki mkali kuliko wote: hadithi ikilegea, analala, ikikaza, anauliza, "Halafu?" Mahali alipouliza "halafu" ndipo penye uzima wa hadithi, nami huweka alama ya penseli pembeni.

Saa 3 na nusu nakaa tena mezani kwa nusu saa. Ikiwa umeme umekatika, nina taa ndogo ya sola. Usiku nasoma vitabu vya lugha nyingine, Kiingereza hasa, na tafsiri za waandishi wa mbali. Sivisomi ili nichukue sentensi zao. Nikichukua sentensi ya Kiingereza nikaivika nguo za Kiswahili, itatembea ikichechemea. Natazama mambo wanayothubutu kuyaeleza.

Kisha robo saa ya mwisho ni ya daftari, nami nalihesabu kuwa sehemu ya kusoma, maana kusoma bila kuandika ni kuteka maji kwa pakacha. Daftari langu lina sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni ya maneno. Sichukui neno likawa langu mpaka nimelikuta mahali patatu mbalimbali. Mara ya kwanza nalijua sura, mara ya pili nalijua tabia, mara ya tatu nawajua jamaa zake. Kwa mfano, sisi sote tulijifunza shuleni kusema "usiku kucha" na "mchana kutwa." Lakini ukikutana vitabuni na jua linalokucha asubuhi na kuchwa jioni, ndipo unapoona kwamba "usiku kucha" ni usiku mpaka kukicha, na "mchana kutwa" ni mchana mpaka jua lichwe. Maneno uliyoyakariri kama namba ya simu yanafunguka, na ndani yake kuna jua.

Sehemu ya pili ni ya vitendo. Naandika kitendo kimoja na ndugu zake: kutazama, kuchungulia, kukodoa macho, kukazia macho, kutupia jicho. Mtu anayetazama mlango si sawa na anayeuchungulia. Huyu wa pili ana jambo. Au nachukua shina moja na matawi yake: kufunga, kufungia, kufungana, kufungika, kufungwa, kufungua. Huu ndio utajiri mkubwa wa Kiswahili. Mahali ambapo lugha nyingine hutaka maneno manne, chetu chataka herufi mbili katikati ya neno.

Sehemu ya tatu ni ya maswali niliyojiuliza njiani, pamoja na majibu yake, kama yamepatikana.

Nikijumlisha, alfajiri ni dakika 45, njiani 30, mchana 20, usiku 30. Kwa siku moja ni saa 2 na dakika 5, mbali na daftari; kwa siku 5 ni zaidi ya saa 10. Kuandika kwenyewe nakuweka Jumamosi, baada ya kazi ya nusu siku, tangu saa 9 alasiri mpaka saa 12. Nusu saa ya kwanza nafanya kama Trollope: nasoma yale ya Jumamosi iliyopita kwa sauti, na neno lililokwaruza sikio laondolewa. Jumapili ni ya nyumba yangu.

Gharama yake

Si haki niwaonyeshe ratiba bila kuwaambia bei yake. Bei ya kwanza ni usingizi na mazungumzo ya jioni. Nimekataa mialiko mingi ya kukaa na wenzangu, na wako waliofikiri najivuna. Yafaa mtu aeleze mapema, kwa upole, ili urafiki usife kwa kutoelewana.

Bei ya pili ni fedha. Vitabu vya Kiswahili si vingi madukani kwetu Kampala, na kitabu kipya chaweza kuwa na bei ya sukari ya nyumba kwa wiki kadhaa. Mke wangu aliniuliza siku moja, bila hasira, "Baba watoto, kitabu hiki kitaleta nini hapa?" Ni swali la haki, na sikuwa na hadithi hata moja iliyolipwa ya kumwonyesha. Tulipatana hivi: nitanunua kitabu kimoja kila miezi miwili, na vingine nitaazima au nitabadilishana. Madereva wa malori wamenisaidia sana. Mmoja huniletea vitabu vilivyokwisha kutumika kutoka Mombasa, nami humlipa akifika. Kitabu kimoja kisomwacho mara mbili ni bora kuliko viwili visivyokwisha.

Bei ya tatu ndiyo kubwa, nayo ni kutojua mwisho. Huenda nikasoma namna hii miaka 20 nisitoe kitabu. Hakuna ratiba inayomwahidi mtu kipaji. Lakini jambo moja nalijua kwa hakika: Kiswahili changu hakikumezwa na majani. Naweza kuandika barua, kumsomea mwanangu, kuzungumza na dereva wa Tanga akadhani nimekaa kwao, na kuisoma makala yoyote ya nchi jirani bila mkalimani. Faida hizi zimekwisha kupatikana, kitabu kitoke kisitoke.

Shauri kwa walioko shuleni na waliotoka

Ninyi mlioko shuleni mna kengele. Kengele ndiyo inayowasomesha. Ikilia mnafungua vitabu. Siku mtakayotoka hapo hakuna atakayewapigia, na wengi hudhani wamepata uhuru. Basi anzeni sasa, kabla hamjatoka, kujiwekea kengele yenu wenyewe. Chagueni saa moja ambayo hakuna mwalimu aliyeipanga, na msome kurasa 5 tu za kitabu ambacho hakimo katika mtihani. Msianze na kurasa 50. Anayeanza na 50 huacha wiki ya pili. Msomaji mwenye kurasa 5 kila siku atakuwa amesoma zaidi ya kurasa 1,800 mwaka ukiisha.

Nanyi wanafunzi wa zamani, mliojibu swali la mhariri kwa kuacha, njia haijafa. Imeota majani tu. Anzeni na kitabu mlichokipenda darasani. Mtakikumbuka nusu, na hiyo nusu itawashika mkono. Mkikimaliza, msikiweke kabatini. Kipelekeni katika maktaba ya shule yetu, ambako rafu ya Kiswahili ningali nikiiona fupi kila ninapokuja siku ya wazee. Mimi nimeleta vitabu vinne mwaka huu. Kila kimoja kina alama za penseli pembeni, nami namwomba mkutubi asizifute, ili msomaji ajaye aone mahali ambapo mtoto aliuliza, "Halafu?"

Mwanafunzi wa Zamani, Mukono